Pikapu ya dizeli inakula oili na kuchemsha mlimani: nifungue injini au nifunge nyingine?

Mwenye_Mzigo ameuliza:

Wakuu habari. Naomba ushauri wa wanaozijua dizeli za zamani. Pikapu yangu ni silinda 4, lita 2.8, haina turbo, pampu ya mafuta ni ya kawaida isiyo na kompyuta, taimingi ni ya mkanda. Bloku ni la chuma, hedi inayolifunika juu ni ya alumini. Imeshapita km 380,000 na kazi yake ni mzigo wa karibu tani moja kwenye vumbi na milima.

Hali ilivyo sasa:

- Asubuhi inawaka kwa tabu, inatoa moshi mweupe na kutetemeka, halafu inatulia.
- Ikikanyagwa mlimani na mzigo, moshi unakuwa wa bluu.
- Inakula oili lita 1 kila km 1,200 hivi, na chini hakudondoki kitu.
- Maji ya rejeta yanapungua. Geji ya joto inapanda kwenye mlima, ikifika tambarare inashuka.
- Nikifungua kifuniko cha oili injini ikiwaka, inapumua (gesi inapuliza hapo), ila si sana.

Giaboksi, klachi na difu hazina shida. Fundi mmoja anasema nibadilishe ringi (pete za pistoni) na gasketi ya hedi, basi. Mwingine anasema injini imechoka, nitafute ya mtumba. Kipi kinatakiwa kuamua, na nipime nini kabla sijatoa hela?

---

Spana_14 amejibu:

Mkuu, usimkubalie hata mmoja kati yao kwa sasa. Hakuna aliyepima. Dalili ulizotaja zinaweza kuwa na vyanzo kadhaa tofauti, na baadhi yake havihitaji hata kugusa bloku.

Moshi mweupe wa asubuhi ni dizeli isiyoungua. Unaweza kutokana na kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) iliyoshuka, lakini hita plagi (zinazopasha joto silinda wakati wa kuwasha) mbili zikifa kwenye injini ya silinda 4 utapata moshi huohuo na mtetemo huohuo. Anza hapo. Vua waya wa hita plagi, pima kila moja kwa mita: nzima ikiwa baridi husoma ohm 1 au chini yake, iliyokufa haipitishi umeme kabisa. Nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya silinda) nazo zipelekwe kwenye mashine ya kupimia. Inayodondosha badala ya kupuliza ukungu itakupa moshi na mgongano ambao watu wengi huuchukulia kuwa ni pistoni.

Moshi wa bluu ni oili. Angalia unatoka lini. Ukitoka baada ya injini kuachwa muda bila kukanyagwa, au baada ya kuteremka mlima kwa gia kisha ukakanyaga, shuku sili za valvu na gaidi zake (mirija ambamo valvu hupanda na kushuka). Ukitoka ikiwa inavuta mzigo mfululizo, shuku ringi na kuta za silinda. Maelezo yako yanaelekea ringi, lakini dalili ni mwelekeo tu, haithibitishi.

Sasa vipimo, kwa mpangilio huu.

Kwanza maji. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza, washa. Mapovu yanayotoka mfululizo kabla thermostati haijafunguka ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Ukitaka uhakika, kuna kipimo cha maji ya bluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta: yakigeuka rangi (kwa dizeli huelekea kijani, kwa petroli njano) gesi imepita. Kama hayageuki, tafuta kwingine: rejeta iliyoziba, pampu ya maji, feni isiyoshika, kifuniko kisichobana. Usipuuze kifuniko. Kikishikilia shinikizo la baa 1 maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Kikiachia, yanachemka kwenye 100 kama sufuria.

Pili, kompresheni. Hapa ndipo watu hupata namba za uongo. Seti tapeti (mwanya wa valvu) kwanza, maana valvu isiyofunga vizuri itakusingizia ringi. Injini iwe ya moto, betri imejaa, vua hita plagi zote nne, chomoa waya wa solenoidi ya kukata mafuta, na utumie geji ya dizeli inayofika baa 60 au 70. Geji ya petroli itapasuka. Kichujio cha hewa kitoe. Piga stata mpaka mshale usipande tena, kila silinda muda uleule. Dizeli ya aina yako ikiwa nzima husoma karibu baa 28 hadi 32. Mwisho ni karibu 20, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5. Kitabu cha injini yako ndicho kinachosema namba kamili.

Tatu, silinda iliyo chini usiimwagie oili nyingi kama wafanyavyo kwenye petroli. Chumba cha dizeli ni kidogo sana. Oili ikizidi, namba inapanda hata kama ringi zimekufa, na ikizidi zaidi unaweza kupinda konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki). Kijiko kimoja cha chai kinatosha. Bora zaidi ni kupima kwa hewa: pistoni iwe juu kabisa valvu zote zikiwa zimefunga, ingiza gia na kaza hendibreki ili krenki (shafti kuu ya injini) isizunguke ikakuumiza, kisha sukuma hewa ya baa 5 hadi 7 kupitia tundu la hita plagi. Halafu sikiliza. Hewa ikivuma kwenye manifoldi ya hewa, ni valvu ya kuingiza. Ikivuma kwenye ekzosi, ni valvu ya moshi. Ikitokea kwenye mdomo wa oili, ni ringi. Ikibubujika kwenye rejeta au kutokea silinda ya jirani, ni gasketi au ufa.

Nne, presha ya oili. Usitegemee taa ya dashibodi. Vua swichi yake, funga geji ya mekanika, injini ikiwa ya moto sawasawa. Bila kukanyaga isishuke chini ya baa 0.5 kwa injini iliyotumika sana, na kwenye mizunguko 3,000 utarajie 2.5 au zaidi. Kisha kata filta ya oili kwa kikata-kopo, kunjua karatasi yake. Vumbi linaloshikwa na sumaku ni chuma, kutoka ringi, kuta au kamshafti. Chembe za rangi ya shaba ni beringi zilizokula tabaka la juu. Ukiziona hizo, mjadala wa gasketi umekwisha. Sehemu ya chini lazima ifunguliwe.

Jambo la usalama: injini inayopumua sana inaweza kuvuta oili yake kupitia bomba la kupumulia na kukimbia yenyewe hata ukizima swichi. Mtu yeyote anayeipima awe na kipande cha ubao cha kuziba njia ya hewa. Si kitambaa, na si kiganja.

---

Tona_wa_Bloku amejibu:

Naunga mkono vipimo. Mimi naongezea kuhusu hilo la "badili ringi na gasketi", kwa sababu ndilo linaloua injini nyingi mara ya pili.

Ringi mpya haifanyi kazi kwenye ukuta uliokwisha. Silinda hailiki sawasawa. Inalika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, na inalika zaidi upande unaosukumwa na pistoni. Kwa hiyo juu panabaki ukingo ambao haujaguswa na ringi. Ukiweka ringi mpya, ambayo kona yake ni kali, inakwenda kugonga ule ukingo na kuvunjika, au inapasua sehemu ya pistoni iliyo kati ya ringi na ringi. Hesabu nyingine: ukuta ukiwa umelika mm 0.10 kwenye kipenyo, mwanya wa ncha za ringi unaongezeka mm 0.31 pistoni ikiwa juu. Ringi ambayo ilitakiwa kuwa na mwanya wa 0.35 inakuwa na 0.66. Umetoa hela, injini bado inapumua.

Kwa hiyo hedi ikivuliwa, kabla ya kununua hata sili moja, silinda zipimwe kwa geji ya ndani na maikromita: juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Vipimo sita kwa silinda moja, ishirini na vinne kwa bloku. Ukucha unaweza kukuambia kuna ukingo, hauwezi kukuambia ni kiasi gani.

Injini nyingi za ukubwa huu mwisho wa kulika ni kati ya mm 0.10 na 0.20. Ikivuka hapo, silinda zote nne zinachongwa kwenda saizi inayofuata: 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00, kutegemea mtengenezaji ametoa pistoni za saizi gani. Usichonge moja tu, injini itatetemeka na hutapata pistoni zenye uzito sawa. Na nunua pistoni KABLA ya kuchonga. Mchongaji anatakiwa kupima kila pistoni na kuipa silinda yake nafasi iliyoandikwa kitabuni. Kuchonga kwanza na kutafuta pistoni baadaye ni kubahatisha kwa kitu ambacho hakina kurudi nyuma. Bloku ikiwa imeshafika saizi ya mwisho, swali ni kama inaweza kuwekewa slivu (mrija mpya ndani ya silinda) na kurudishwa kipimo cha mwanzo. Mara nyingi inawezekana.

Kwenye krenki, pima shingo zote (sehemu zinazozunguka ndani ya beringi). Ikihitaji kusagwa, angalia mambo mawili: mviringo wa pembeni mwa shingo ubaki kama ulivyokuwa (ukisagwa ukawa kona kali, krenki itakatika hapo), na kama krenki imefanyiwa ugumu wa juu juu, kusaga kunaweza kuondoa tabaka gumu. Nafasi ya beringi kwa kawaida ni mm 0.03 hadi 0.06, ikifika 0.10 presha ya oili inashuka.

Hedi ya alumini iliyochemka ipimwe kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya): kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Halafu itiwe hewa ndani ya maji ya moto, si ya baridi, kwa sababu ufa mwingi kati ya viti vya valvu hujifunga hedi ikipoa. Kuhusu kuskimu (kusawazisha uso wa hedi kwa mashine), dizeli haina nafasi ya mchezo. Ukitoa nyama kwenye hedi, valvu zinasogea karibu na pistoni, na vyumba vidogo vya kuwakia navyo vinabadilika kimo. Baadhi ya watengenezaji wamekataza kabisa. Kama inaruhusiwa, viti vya valvu vishushwe kwa kiasi hicho hicho, na unene wa gasketi uchaguliwe baada ya kupima kimo ambacho pistoni inatokeza juu ya bloku. Zile alama za vikato pembeni mwa gasketi ndizo zinazoonyesha unene. Kununua "gasketi ya injini hii" bila kipimo hicho ni kosa.

---

Injini_Kamili amejibu:

Wakuu, nawaheshimu, ila mnamwelekeza kwenye njia moja. Injini kamili iliyotumika ina nafasi yake: pale ambapo bloku limepasuka, krenki imevunjika, au karibu hakuna mashine ya kuchonga inayoaminika. Kazi mbaya ya kuchonga ni mbaya kuliko injini ya mtumba iliyo nzima. Na gari la kazi likikaa gereji muda mrefu, hasara inaongezeka.

Ila masharti yawepo. Usinunue injini ambayo huwezi kuipima. Ikiwa na stata yake, kompresheni inapimwa hata ikiwa chini sakafuni. Izungushe kwa mkono kwenye puli ya krenki mizunguko miwili kamili. Ikikwama popote, iache. Fungua kifuniko cha valvu: chuma safi au cha kahawia ni sawa, lami nyeusi nene maana yake oili haikubadilishwa. Angalia vizibo vya chuma vya ubavuni mwa bloku. Vikiwa vimeliwa na kutu, injini hiyo ilitumia maji ya bomba. Kama muuzaji anaruhusu, shusha sampu (karai la oili la chini), vua kifuniko kimoja cha beringi ya konrodi, cha nyuma kabisa, tazama rangi yake.

Kisha ulinganishe. Herufi na namba za aina ya injini zifanane, sampu iwe na tumbo upande uleule (za fowili, yaani zinazovuta magurudumu yote manne, na za kawaida mara nyingi hutofautiana, na tumbo hilo linaweza kugonga ekseli ya mbele), maungio ya giaboksi na miguu ya injini yalingane. Namba ya injini ikibadilika, karatasi za usajili nazo zibadilishwe pale sheria inapotaka.

Injini ikiwa bado iko nje, weka mkanda mpya wa taimingi na tenshena yake, pampu ya maji, thermostati, sili ya nyuma ya krenki, na beringi ya klachi. Sili ya nyuma ikivuja baada ya kufunga, unashusha giaboksi upya. Watu huacha vitu hivi kwa kubana hela, halafu mkanda wa zamani unakatika na valvu zinapigana na pistoni.

---

Mwenye_Mzigo amejibu:

Shukrani sana wakuu. Vipimo vimefanyika kama mlivyoelekeza, tapeti zikiwa zimesetiwa kwanza.

Kompresheni: silinda ya 1 baa 26, ya 2 baa 25.5, ya 3 baa 17, ya 4 baa 17.5. Kijiko cha oili kimeipandisha ya 3 kwa baa 1 tu. Kwa kipimo cha hewa, ukisukuma ya 3 hewa inatokea ya 4, na rejeta inatoa mapovu. Kwenye mdomo wa oili kuna hewa kidogo kwa silinda zote, karibu sawa. Presha ya oili injini ikiwa ya moto ni 0.9 bila kukanyaga, na 3.4 kwenye mizunguko 3,000. Filta imekatwa: unga kidogo wa chuma, hakuna rangi ya shaba. Hita plagi moja imekufa.

Chasisi nayo nimeikagua kwa kuigonga nyundo kote kutafuta kutu, hasa kwenye mashikio ya springi na juu ya tangi la mafuta. Ni nzima.

---

Spana_14 amejibu:

Hizo ni namba zinazosema waziwazi. Silinda mbili zinazopakana zimeshuka pamoja kwa kiasi kimoja, oili haijazisaidia, na hewa inahama kutoka moja kwenda nyingine: gasketi imepasuka kati ya 3 na 4, au hedi ina ufa hapo, na maji yamehusika. Presha ya oili na filta zinasema sehemu ya chini bado ina maisha. Silinda ya 1 na ya 2 ziko chini ya injini mpya lakini juu ya mwisho. Usinunue injini nyingine sasa hivi. Ungekuwa na baa 17 kwenye zote nne na shaba kwenye filta, ningekuambia kinyume.

Vua hedi. Legeza bolti kuanzia za pembeni kuja katikati, kwa awamu tatu, injini ikiwa baridi. Ukizilegeza ovyo utaipinda hedi ambayo labda haikupinda. Ipeleke ikapimwe kama Tona alivyoeleza, gaidi za valvu nazo zipimwe, na sili zote nane za valvu ziwe mpya. Wakati hedi iko huko, bloku lipimwe silinda kwa silinda na uso wake wa juu uwekewe rula, kwa sababu moto ukipenya kati ya silinda mbili kwa muda mrefu unachimba kijito kwenye chuma, na gasketi mpya itapasuka palepale.

Kuanzia hapo uamuzi ni huu. Silinda zikiwa ndani ya kipimo na hazina mikwaruzo, USIGUSE ringi. Rudisha hedi, gasketi ya unene sahihi, bolti mpya kama ni za kuvutika (zinazorefuka zikikazwa), na endelea na kazi. Oili itaendelea kupungua kidogo, na hilo linavumilika. Silinda zikiwa zimevuka, au kuna mikwaruzo inayoshikika kwa ukucha, toa bloku nje ufanye kazi kamili: kuchonga, pistoni, ringi, beringi zote, pampu ya oili. Na kama hedi ina ufa, pata hedi nzima kabla ya kuhesabu kingine chochote, maana hapo gharama inaweza kugeuza uamuzi. Hesabu iwe ya kazi nzima hadi gari linatembea, pamoja na maji, oili, mkanda na usafishaji wa rejeta. Ukilinganisha bei ya gasketi na bei ya injini hujalinganisha chochote.

Halafu tafuta kilichoichemsha. Rejeta itolewe isafishwe ndani au ibadilishwe, thermostati mpya, feni ikaguliwe. Na kwa kuwa unatembea kwenye vumbi, fuata njia ya hewa yote kuanzia boksi la filta hadi manifoldi. Pitisha kidole ndani ya bomba baada ya filta: ukikuta vumbi laini, hewa chafu inapita pembeni, na hiyo ndiyo iliyokula kuta zako. Bila kuziba hapo hata injini mpya kabisa itafika mahali hapa hapa mapema.

---

Tona_wa_Bloku amejibu:

Nyongeza mbili wakati wa kufunga. Matundu ya bolti za hedi kwenye bloku yasafishwe na kukaushwa kwa hewa. Oili au maji yakibaki chini ya tundu lisilotokea upande wa pili, bolti inayabana: spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) inasoma umefika na hedi bado haijabanwa, au bloku linapasuka. Na mabaki ya gasketi yasikwanguliwe kwa diski ya mashine. Inachimba alumini na unga wake unaingia kwenye njia za oili.

Ukilazimika kuchonga, baada ya kufunga piga stata solenoidi ikiwa imechomolewa mpaka taa ya oili izime, ndipo uwashe. Usiiache ikinguruma muda mrefu bila kazi. Ringi hukaa kwa kubanwa na gesi, kwa hiyo itembeze na mzigo mwepesi, kanyaga na kuachia, usivute mlima kwa gia kubwa. Mwaga oili ya kwanza pamoja na filta kwenye km 500 hadi 1,000, na uikate filta hiyo uitazame kama ulivyofanya hii. Kama gasketi ni ya aina inayotaka kukazwa tena, kitabu kitasema lini. Kama haitaki, usiiguse.